Karakana Isiyo na Kuta

Pale ofisini kila mtu alimwita Msanifu, kana kwamba wasanifu majengo wengine watatu waliokaa naye chumba kimoja walikuwa wakifanya kazi nyingine. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mrefu, mwenye mdomo mzito na macho mepesi, na kalamu ya risasi ilikaa nyuma ya sikio lake hata akiwa sokoni. Hakuwahi kuolewa. Si kwamba hakuposwa. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili alisema tungoje kwanza mama apate nafuu. Mama hakupata nafuu. Alidumu miaka kumi na tisa, kila mwaka akiaga na kila mwaka akiahirisha safari, mpaka mwaka ule, mwezi wa pili, alipoondoka kweli asubuhi moja huku chai yake ikiwa bado ina moto.

Baada ya msiba ndugu walirudi makwao, majirani wakarudi kwenye shughuli zao, na Msanifu akabaki na nyumba. Mdogo wake wa kiume alipiga simu kila Jumapili.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya basi, dada."

Mazungumzo yakaishia hapo, na wote wawili wakaona wametimiza wajibu. Kuna wiki moja simu haikuja, na Msanifu aligundua kuwa tangu Ijumaa alipotoka kazini hadi Jumatatu asubuhi alikuwa ametamka neno moja tu, nalo ni "asante", na alimwambia muuza mkate ambaye wala hakuinua macho.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya chuo kikuu. Chuo kilitaka jengo jipya la uhandisi, na mkuu wa kitivo, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuja mwenyewe kueleza anachokitaka.

"Nataka jengo linalopumua lenyewe," alisema. "Viyoyozi sitaki. Jua litupe umeme, mvua itupe maji ya kuoshea na kumwagilia, upepo upite ndani kama mgeni aliyealikwa. Halafu katikati, sakafu nzima ya chini, nataka karakana moja ya pamoja. Wa umeme, wa mitambo, wa ujenzi, wa kompyuta, wote humo humo, watengeneze vitu wakionana. Kuta ndizo zimetuharibia. Kwetu mwalimu wa umeme hamjui mwalimu wa mitambo mpaka wakutane msibani!"

Msanifu alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla mpaka akajishtukia, kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni ndani ya nyumba yake.

Alichora mchoro wa kwanza kwa mwezi mmoja, nao ulipendeza macho. Ukumbi mrefu, kioo kila upande, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, dari ya zege iliyoachwa wazi, na meza ndefu za kazi zilizopangwa safu kwa safu. Kamati ya ujenzi iliusifu. Lakini Msanifu alikuwa na kawaida moja: hakuamini mchoro wowote kabla hajawaona watu watakaouishi. Kwa hiyo akaomba ruhusa ya kwenda kushinda kwenye karakana ya zamani, ile iliyokuwa ivunjwe.

Ilikuwa banda la mabati nyuma ya maktaba, lenye joto la tanuri. Bwana wa banda lile alikuwa fundi mkuu ambaye wanafunzi walimwita Mzee Randa, kwa sababu ukimpa ubao wowote huupiga randa kwanza ndipo aulize ni wa nini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amefiwa na mkewe, na alikuwa amekaa na mashine zile miaka ishirini na tisa. Siku ya kwanza Msanifu alisimama nyuma yake akamsalimu. Hakujibu. Akamsalimu tena. Kimya. Msanifu akajisemea moyoni, haya, huyu amenuna kwa sababu tunamvunjia banda. Mara yule mzee akageuka, akamwona, akatabasamu uso mzima.

"Karibu, mama! Wewe ndiye unayekuja kunibomolea?" Sauti yake ilitosha watu arobaini.

"Ndiye mimi."

"Basi kaa unywe chai kwanza. Mtu habomolewi na mtu asiyemjua."

Tangu siku ile Msanifu akawa anakwenda karakana kila asubuhi saa nne, na rula yake na daftari lake. Alipima, aliuliza, alichora wanafunzi walivyosimama, wanapoweka mabegi, wanapojikwaa. Kisha yeye na Mzee Randa walikunywa chai juu ya sanduku la misumari lililogeuzwa. Mzee Randa aliongea sana. Alieleza tabia ya kila mashine kama mtu anayeeleza watoto wake: hii ina hasira asubuhi, hii haipendi mbao mbichi, ule msumeno wa duara usiuonyeshe woga. Baada ya wiki mbili aliacha kumwita mama, akamwita dada. Baada ya mwezi, Msanifu alijikuta Jumapili akichagua nguo ya kuvaa Jumatatu. Aliliona jambo hilo, akalifunga kabatini pamoja na nguo zenyewe.

Lakini macho yake mepesi yaliona na jambo jingine. Mzee Randa alimtazama mdomoni anapoongea, kamwe si machoni. Aliposimuliwa kitu kirefu alicheka, na mara nyingine alicheka mahali pasipo na kichekesho. Kabla ya kusukuma ubao, alibandika kiganja juu ya meza ya mashine, akafumba macho kidogo, kama daktari anayepima mapigo ya moyo. Siku moja rundo la mabati lilianguka nyuma yao kwa kishindo hadi Msanifu akamwaga chai. Mzee Randa hakupepesa hata jicho. Alishangaa tu kuiona chai sakafuni.

Msanifu alikuwa ameishi na mambo hayo. Mama yake, miaka sita ya mwisho, alibandika kiganja mlangoni ili ajue kama kuna mtu anayebisha. Msanifu akamsogeza Mzee Randa karibu na dirisha, mwanga ukamwangukia yeye mwenyewe usoni, akasema kwa midomo bila kutoa sauti hata chembe:

"Fundi, wewe husikii."

Mzee Randa alikitua kikombe.

"Nani kakwambia?"

"Mama yangu alikuwa hivyo."

Yule mzee alitazama mlangoni, kisha akaketi polepole. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ndogo, na ilikuwa ndogo mno, kwa sababu hakuwa na namna ya kuipima. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa miaka kumi na moja iliyopita. La kulia lilikuwa likififia. Alibakiza miaka miwili na miezi mitatu astaafu.

"Wakijua wataniondoa kwenye mashine, dada. Na nikiondolewa hapa nitakwenda wapi? Nyumbani kuna viti vinne. Mimi nakalia kimoja."

Msanifu alitaka kumwambia kwamba kwake kuna viti sita. Badala yake alisema, "Siri yako nimeimeza. Haitoki."

Alirudi ofisini, akautandaza mchoro wake mzuri, na kwa mara ya kwanza akausikiliza. Kioo, saruji, zege: kila sauti ingegonga na kurudi, ikagonga tena. Wanafunzi themanini, misumeno, nyundo, mashine za kuchomelea, wote katika sanduku moja linalolia kama kengele. Mle ndani sikio la kulia la Mzee Randa lisingeambulia hata silabi. Na zile meza za safu zingemweka mgongo kwa watu, asijue nani anamwita wala nani yuko hatarini.

Akaufuta. Si wote, paa lilibaki, na paneli zake za jua, na matangi ya mvua, na minara miwili ya kuvutia hewa ya moto juu. Lakini ukumbi aliuanza upya. Kioo cha pande mbili akakibadilisha kwa kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa, ambazo zingehifadhi ubaridi wa asubuhi na kumeza kelele za mchana. Chini ya dari akatundika vipande vya mkonge uliosukwa, kama nguo zilizoanikwa. Mashine za kelele akazipeleka nyuma ya ukuta uliopinda, unaofika kifuani tu, ili watu waonane lakini sauti ikatike. Meza akazifanya za duara, mtu asimpe mwenzake kisogo. Madirisha akayapandisha juu ili mwanga uwaangukie watu usoni. Na juu ya kila mashine akaweka taa: ya kijani ikiwa salama, ya njano ikiwa kazini, na nyekundu ya kumwekamweka ambayo mtu yeyote akibonyeza kitufe cha hatari ingewaka ukumbi mzima.

Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya wanafunzi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Mkonge waliujaribu katika banda la zamani. Walitundika vipande thelathini, wakawaacha wanafunzi waendelee na kazi zao. Saa moja haikupita, wanafunzi wakawa wanaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini. Mzee Randa alikuwa ameinamia tezo lake. Ghafla akainua kichwa.

"Nani kasema bisibisi?"

Binti mmoja aliyekuwa hatua nne nyuma yake akasema, "Mimi, mzee. Naiomba."

Mzee Randa akamtazama Msanifu. Macho yalimlenga machozi, akajifanya vumbi limemwingia. "Bisibisi," akarudia, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani. "Kasema bisibisi."

Msanifu alitembea kwa miguu hadi nyumbani siku ile, na hakuhisi umbali.

Kikao cha kamati kilikuwa wiki iliyofuata. Watu tisa walikaa kuizunguka meza, na Mzee Randa aliwekwa mwisho kabisa kama mwakilishi wa watumiaji. Profesa wa mitambo alivuta mchoro mpya, akakunja uso.

"Tumepoteza meza nne. Kuna ukuta humu. Si tulisema hakuna kuta? Na hizi taa za rangi ni za nini? Hii ni karakana au disko?"

Watu wakacheka. Msanifu akaeleza habari za joto, za udongo, za mwangwi. Mdomo wake mzito ukazidi uzito.

"Kelele huchosha watu," alisema mwishoni.

"Wahandisi tumeshazoea kelele," profesa akajibu. "Turudi mchoro wa kwanza. Ulikuwa mzuri, na ulikuwa wazi."

Vichwa kadhaa vikatikisika kukubali. Mkuu wa kitivo alishika kalamu. Msanifu alikuwa na sababu moja tu ambayo ingewanyamazisha, nayo ilikuwa imekaa kooni kwake kama mfupa, na hakuwa na haki ya kuitoa. Akainamisha macho kwenye daftari.

Mzee Randa hakuwa amefuata hata nusu ya maneno. Watu walikuwa wakikatizana na midomo yao ilimkimbia. Lakini uso wa Msanifu aliusoma bila shida. Akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Mimi ni kiziwi," alisema, kwa ile sauti ya watu arobaini.

Akagusa sikio la kushoto, kisha la kulia.

"Sikio hili limekufa. Hili limebaki kama redio yenye betri kuukuu. Nimewaficha miaka kumi na moja, na mnisamehe kwa hilo. Lakini profesa, umesema tumezoea kelele. Mimi ndiye niliyezoea. Nitazame. Hivi ndivyo mtu anavyozoea. Sasa mnataka kuwaingiza watoto themanini kwa mkupuo kwenye kengele ya kioo, nao wazoee?" Akanyoosha kidole kwa Msanifu. "Huyu aliliona peke yake, akanifichia. Mchoro wake mmeupata bure. Upitisheni."

Mikono tisa ilinyooka, wa profesa ukiwa wa mwisho lakini ukanyooka.

Baada ya wiki tatu ilikuja barua. Ilimshukuru Mzee Randa kwa utumishi uliotukuka, ikaeleza kwamba kwa ajili ya usalama wake na wa wanafunzi hawezi tena kuwa karibu na mashine, na kwamba anapumzishwa mapema kwa heshima zote. Msanifu aliisoma, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo, hakuketi.

"Jengo zima limebuniwa ili mtu kama yeye aweze kufanya kazi humo!"

"Najua, mama."

"Basi mwacheni afanye."

Mkuu wa kitivo hakuwa na kicheko siku ile. "Jengo litakamilika baada ya mwaka mmoja na nusu. Leo hakuna jengo, kuna banda, na mle ndani kuna msumeno na mtu asiyeusikia. Akikatika mkono kesho, mimi nitamwambia nini binti yake? Mikono yangu imefungwa."

Lililomuuma Msanifu ni kwamba yule bwana alikuwa akisema kweli.

Alimkuta Mzee Randa akipanga patasi zake, akizifunga moja moja kwa kitambaa. Alikuwa anahamia kwa binti yake, mji mwingine, safari ya saa tano. Msanifu alisimama mlangoni muda mrefu kabla hajasogea mahali ambapo angeonekana.

"Ungenyamaza tu," alimwambia.

"Ningenyamaza, ungeshindwa."

"Ningeshindwa. Na tungeendelea kunywa chai yetu." Akamalizia kwa haraka, uso kaugeuzia dirishani, "Kwangu kuna viti sita, fundi."

Mzee Randa aliweka patasi chini. "Umesema nini? Nimeona mwanzo tu. Rudia, dada."

Msanifu akamgeukia, akatamka kila neno wazi. "Nimesema safari njema."

Mzee Randa alimtazama mdomoni, kisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja, akamtazama machoni. Akatikisa kichwa polepole. Msanifu hakujua kama alikuwa akishukuru safari njema au akijibu lile jingine.

Ujenzi ulikwenda miezi kumi na minane. Msanifu alikuwa pale kila siku ya kazi, kofia ya plastiki kichwani, akibishana na mkandarasi juu ya unene wa viungo vya matofali na upande wa upepo. Mafundi walimheshimu na walimwogopa kidogo. Saa nne mafundi walipokaa kunywa chai, walimletea kikombe, wakakiweka pembeni juu ya tofali, kwa adabu, kisha wakarudi kukaa wenyewe na kupiga soga. Alikunywa akiwa amesimama. Kumpigia simu Mzee Randa kulikuwa kazi bure. Alimwandikia ujumbe mfupi, naye akajibu baada ya siku mbili tatu, mistari miwili. Mvua huku imezidi. Wajukuu wazima. Msingi umefikia wapi?

Siku ya uzinduzi palikuwa na hotuba tano. Jina la kitivo lilitajwa, la kamati likatajwa, na Msanifu akaombwa asimame apigiwe makofi, akasimama, akapigiwa, akaketi. Mgeni mmoja aliuliza habari za taa. Profesa wa mitambo akamjibu kwa fahari kwamba lilikuwa wazo la kamati.

Wageni walipokwenda kula, Msanifu alibaki ukumbini. Wanafunzi walikuwa tayari wameshaingia. Hawakuwa na habari na hotuba. Kwenye meza moja binti wa umeme na kijana wa ujenzi walikuwa wameinamia pampu ndogo, wakigombana kwa furaha juu ya valvu. Hewa ilipita polepole kutoka chini hadi juu, baridi, yenye harufu ya udongo na mbao mpya. Sauti zilikuwa nyingi lakini hakuna iliyopiga kelele. Lilikuwa jengo zuri kuliko yote aliyowahi kubuni, na alilijua hilo kwa uhakika, na hakukuwa na mtu wa kumgeukia amwambie. Alipiga picha, akaituma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Mashine ya kuranda mmeielekeza dirishani. Vumbi litakwenda kwa watu wa kompyuta. Igeuzeni." Msanifu alikwenda kuangalia. Mzee alikuwa sahihi. Wakaigeuza.

Mwezi uliofuata alipiga moyo konde, akafunga safari. Binti wa Mzee Randa alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, shangazi, baba katusimulia habari zako mpaka tumechoka!" Nyumba ilikuwa imejaa: wakwe, wajukuu, jirani na mtoto wake, wote wakiongea kwa pamoja, sahani zikipita juu ya vichwa. Mzee Randa alikaa katikati yao, safi, ameshiba, shati limepigwa pasi, akicheka wenzake walipocheka, sekunde moja nyuma yao. Msanifu alimwona akiirukia midomo, huu, ule, kisha akichoka na kutazama sahani yake.

Baada ya chakula Mzee Randa alimchukua Msanifu uani kumwonyesha meza ya kufanyia kazi aliyojitengenezea. Walikaa hapo, Msanifu upande wa sikio la kulia la mzee, wakaongea habari za minara ya hewa na uwiano wa udongo na mchanga. Kila baada ya dakika mjukuu alikuja kumvuta shati babu, au binti akaja kuuliza kama shangazi ameongezewa chai. Saa tisa Msanifu akasema aondoke asije akachelewa.

"Hapa watu wapo wengi," Mzee Randa alisema, akiitazama nyumba. "Hakuna ninayemsikia." Kisha akaongeza, kama anayeomba radhi, "Lakini wapo."

"Ni jambo kubwa, kuwepo," Msanifu alimjibu.

"Utakuja tena?"

"Nitakuja."

Alikwenda mara mbili zaidi mwaka ule. Alipotaka kwenda tena, binti aliandika kwamba baba ana mafua na nyumba ina wageni, labda mwezi ujao. Na mwezi huo ulipofika, mvua zilikata barabara. Ujumbe uliendelea kuja, ila kwa nafasi, kama matone baada ya mvua kuacha. Ofisini walimpa Msanifu kazi mpya, zahanati ya vyumba sita, na kwa siku nne alishinda kwenye foleni ya zahanati ya zamani akiwa na daftari, akichora wagonjwa walivyokaa. Muuguzi mmoja alimuuliza kama anamsubiri mtu.

"Hapana," alisema. "Natazama tu."

Akasogea kidogo kwenye benchi ili mama mmoja mwenye mtoto mgongoni apate pa kukaa, akafungua ukurasa mpya.